Kifaranga cha kware si kifaranga cha kuku

SWALI: Shikamoo mama. Nina vifaranga wa kware 120, wana siku kumi. Wengine wamekua vizuri, wengine utadhani wametotolewa jana. Manyoya yanachelewa na wameanza kudonoana. Muuza chakula alinishauri niwape chakula cha kuku wa mayai, eti kware naye anafugwa kwa mayai. Kikaratasi cha mfuko kinasema protini asilimia 16.5. Jirani yangu anasema nitafute chenye asilimia 28. Nimsikilize nani?
Mfugaji, Kihonda, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimsikilize yeyote kati yao. Lenga asilimia 24.

Kipimo hicho ndicho kilichowekwa na Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani katika mwongozo wake wa mwaka 1994 kwa kware wa Kijapani, ambaye ndiye huyu tunayemfuga: asilimia 24 tangu anapototolewa mpaka anapokaribia kutaga, kisha asilimia 20 akiwa anataga. Kware huanza kutaga akiwa na wiki sita hivi. Kifaranga aliyetoka kwenye yai na gramu chache tu anajenga nyama, manyoya na mfuko wa mayai ndani ya muda huo mfupi, na kwa asilimia 16.5 hana cha kujengea. Hapo ndipo manyoya yanapochelewa na wenye nguvu wanapowadonoa wanyonge.

Asilimia 28 ni kiwango cha vifaranga wa bata mzinga. Haitawaua kware wako, lakini utalipia protini ambayo mwili wao hauihitaji. Itatoka kwenye kinyesi, maranda yatalowa, na bruda, yaani chumba cha joto cha vifaranga, itanuka hadi macho yakuwashe.

Chakula cha kuku wa mayai kina kasoro nyingine inayonikera zaidi kuliko upungufu wa protini: chokaa. Kimewekewa chokaa nyingi kwa ajili ya ganda la yai, na kifaranga asiyetaga hana pa kuipeleka. Figo zake ndizo zinazoumia. Anza kukiondoa leo. Kama una kuku wanaotaga, wape hao.

Badala yake nunua chakula cha kuanzia cha broila. Kikaratasi chake mara nyingi kinasoma asilimia 21 hivi, kwa hiyo kinabaki kidogo tu cha kuongeza, na nyongeza ninayoipenda ni dagaa wa kusaga. Chukua dagaa wa ziwani waliokaushwa bila chumvi. Wa pwani wengi huchemshwa kwenye maji ya chumvi, na chumvi huua vifaranga haraka. Tena uwapime: tia kiganja kimoja cha unga wa dagaa kwenye glasi ya maji, koroga, subiri. Mchanga utazama chini. Ukiona tabaka nene, mrudishie muuzaji, maana umeuziwa ufukwe kwa bei ya samaki.

Dagaa safi tuwahesabu protini asilimia 55. Toa 24 kwenye 55, unapata 31: hizo ni sehemu za chakula cha broila. Toa 21 kwenye 24, unapata 3: hizo ni sehemu za dagaa. Jumla 34. Kwa kilo 10 za mchanganyiko, dagaa ni gramu 900 hivi, chakula cha broila kilo 9 na gramu 100. Mfuko wako ukisoma namba nyingine, fanya hesabu upya kwa namba hiyo.

Usijaribu kufikia 24 kwa mashudu ya alizeti peke yake kwa sababu ni rahisi. Yana nyuzi nyingi na lisini kidogo, na lisini ni ile sehemu ya protini inayojenga nyama ya kifaranga. Soya inafaa, ila ikaangwe kwanza; ikiwa mbichi huzuia protini isimeng'enywe. Chochote utakachochanganya, kisage na ukichekeche kiwe laini. Mdomo wa kware ni mdogo, chembe kubwa anazipita na kuchagua unga tu, na hesabu yako yote inaharibika.

Wakikaribia wiki sita na mayai ya kwanza kuonekana, hapo chakula cha kuku wa mayai kinakuwa na kazi. Ukichanganya hicho cha asilimia 16.5 na dagaa kwa kipimo kilekile cha gramu 900 katika kilo 10, utapata asilimia 20. Usizidishe, mayai yatanuka samaki.

Kuhusu wale wadogo, watenge leo hii. Wakibaki na wenzao watasukumwa kwenye chombo hata chakula kiwe kizuri namna gani. Wape joto la kutosha, na kwenye sahani ya maji tia kokoto ili wasizame. Badilisha chakula kidogo kidogo kwa siku tatu, nne, kisha uniandikie manyoya yanaendeleaje.