Siku tatu Kathmandu: muda mwingi uupe Bhaktapur

Dada yangu, umeuliza kama siku tatu zinatosha kuona mahekalu ya Kathmandu na macheo ya Himalaya kabla ya kurudi Lamu. Zinatosha, mradi usitake kuona kila kitu. Anza na Pashupatinath, ila ujue kwamba hekalu kuu huingiwa na wafuasi wa dini ya Kihindu peke yao, hivyo sisi wengine hulitazama tukiwa ng'ambo ya mto Bagmati; na kwa kuwa maiti huchomwa pale ukingoni, ni heri kamera ikae mkobani.

Muda mwingi uupe Bhaktapur, mji wa kale ulio karibu na Kathmandu. Hekalu la Nyatapola, lenye mapaa matano yaliyopandana, lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 18 na likahimili tetemeko la mwaka 2015 lililoangusha mengine mengi. Sisi tuliozoea milango ya nakshi ya mtaa wa Mkomani kwetu Lamu hatupiti haraka mbele ya madirisha yao ya mbao, hasa lile lenye tausi aliyetandaza mkia.

Kwa macheo ya Himalaya, jioni panda Nagarkot, kijiji cha mlimani, ulale huko huko, maana ukilala mjini itakubidi uondoke usiku wa manane ili uyawahi. Oktoba na Novemba anga huwa safi, lakini kuanzia Juni hadi Septemba mawingu ya mvua huificha milima. Mahali penyewe ni zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo chini ya buibui vaa sweta nzito.