Dar hadi Lusaka wakati wa mvua: usiahirishe

Mdogo wangu, umeuliza kama uahirishe safari ya basi Dar hadi Lusaka kwa sababu ya mvua za Machi na vurugu za mpakani Tunduma. Nenda, ila usifike mpakani usiku. Lala Mbeya, uondoke alfajiri. Giza na mvua vikikukuta kwenye foleni ya malori, utapenya katikati ya matope ukiwa na begi mgongoni, na hapo ndipo vishoka, yaani mawakala wasio rasmi, humnasa mgeni. Atakuja kijana mwenye kitambulisho shingoni, anyooshe mkono: "Lete pasi, nikuwahishie." Usimpe, hata awe mpole vipi! Tunduma na Nakonde ni kituo cha pamoja tangu 2019, kwa hiyo ukitoka Tanzania unagongewa mihuri yote upande wa Zambia, na foleni ile unaiweza mwenyewe. Pasi na kadi ya njano ya chanjo zifunge kwenye nailoni, uziweke kifuani, si kwenye begi. Kwacha badilisha kwenye duka la fedha, kamwe si barabarani. Halafu Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja. Ukikata tiketi Nakonde, uliza basi linaondoka kwa saa ya wapi.