Mafuta ya Kungumanga: Jua Kwanza Ni Yapi Uliyonayo

Jina "mafuta ya kungumanga" limebeba vitu vitatu, na madhara mengi huanzia hapo. Mtu amesikia kwamba bibi fulani huchulia magoti mafuta ya kungumanga kiganja kizima, naye ananunua kichupa cha mililita 10 kilichoandikwa hivyo hivyo, anajipaka kama alivyosikia, na usiku ngozi inawaka. Bibi hakusema uongo. Yalikuwa mafuta mengine.

Ya kwanza ni mafuta ya mvuke. Kokwa, yaani mbegu ya kungumanga, husagwa na kupitishiwa mvuke wa maji, harufu inapanda nao, kisha mvuke ukipozwa mafuta yanaelea juu ya maji. Ni mepesi kama maji, hayana rangi au yana unjano hafifu. Kilo moja ya kungumanga kavu ina gramu 50 hadi 150 tu za mafuta haya, kwa hiyo chupa kubwa ya bei poa itilie shaka.

Ya pili ni mafuta mazito ya kukamua. Theluthi moja hivi ya kokwa ni shahamu, na ikikamuliwa kwa joto hutoka kitu cha rangi ya chungwa kinachoganda kama samli. Hutiwa kwenye sabuni na marhamu.

Ya tatu ni ya nyumbani: kungumanga iliyokwaruzwa na kupashwa moto ndani ya mafuta ya nazi au ya ufuta. Haya ndiyo ya bibi.

Kuyatambua si kazi. Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe, uiache hadi kesho yake. Mafuta halisi ya mvuke huruka na kuacha alama hafifu sana, au yasiache kitu. Ukikuta doa la grisi linaloonyesha mwanga, kuna mafuta ya kupikia ndani, hata kama lebo imeandikwa "safi".

Kutengeneza ya kuchulia

Anza na kokwa zenyewe, kwa sababu hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Usinunue unga. Unga uliokaa dukani umeshapoteza harufu, na huwezi kujua ulisagwa kutoka kwenye nini. Chagua kungumanga nzito kwa ukubwa wake. Ukiichoma kwa sindano na kuminya kidogo, nzuri hulowesha ncha kwa mafuta. Ikiwa bado ina ganda, itikise: iliyokauka vizuri hucheza ndani kwa sauti. Kukauka huko huchukua wiki kadhaa, na anayeharakisha kwa jua kali huyeyusha shahamu na kupasua kokwa.

Yenye matundu ya wadudu haifai jikoni, ingawa wenye mitambo huinunua kwa ajili ya mvuke: mdudu hula wanga na shahamu, mafuta ya harufu yanabaki. Lakini yenye ukungu itupe. Kungumanga ni miongoni mwa viungo vinavyoshika sumukuvu kwa urahisi, na sumu hiyo ya ukungu haiondoki kwa kuchemsha.

Chukua kungumanga tatu, yaani gramu 15 hadi 20, na mafuta ya nazi mililita 250. Zikwaruze papo hapo, si jana yake. Weka vyote kwenye bakuli kavu la kuhimili moto, kalisha bakuli juu ya sufuria ya maji yanayotokota taratibu, funika, acha saa moja na nusu hadi mbili. Usiweke juu ya moto wenyewe. Unga ukigeuka kahawia umeungua, na harufu ya kuungua haitoki tena. Kifuniko nacho usikifungue kila mara, maana harufu unayoisikia jikoni ndiyo inayokosekana kwenye chupa.

Epua, acha yapoe yakiwa yamefunikwa, chuja kwa kitambaa safi, laza usiku mmoja. Asubuhi mimina ya juu, acha machicha ya chini. Chupa iwe kavu kabisa: maji kidogo tu yanatosha kuyachachusha. Ukiona yameganda zaidi ya mafuta ya nazi ya kawaida, hayajaharibika. Ni shahamu ya kungumanga imeingia. Kwa kipimo hiki mafuta yenye harufu kali hayafiki sehemu moja katika mia, ndiyo maana unaweza kuchua goti kwa kijiko kizima cha chai bila kuungua. Yatumie ndani ya miezi mitatu.

Kama unayo ya mvuke, fika kwenye ukali huo huo kwa kuzimua: matone 4 kwa mililita 30 za mafuta ya nazi au ufuta, yaani vijiko viwili vikubwa. Usizidishe. Ndani yake kuna kemikali iitwayo safroli, ambayo matumizi yake kwenye vipodozi yamewekewa mipaka kwa sababu inashukiwa kuleta saratani. Jaribu kwanza ndani ya kiwiko, subiri siku nzima.

Matumizi ya asili ya kuchua ni ya kweli kwa kiasi chake: misuli iliyochoka, viungo vinavyokakamaa wakati wa baridi, tumbo lililojaa gesi (chua kuzunguka kitovu, mkono ukifuata mwendo wa saa). Yanapasha na kutuliza. Hayaponyi ugonjwa wa viungo. Kwa jino linalouma tafuta mafuta ya karafuu. Ya kungumanga hayashiki nafasi yake. Mjamzito na mtoto mdogo wasipakwe.

Ya kunywa

Mafuta ya mvuke hayanywewi, hata tone moja kwenye chai.

Kokwa yenyewe ni kiungo kizuri cha uji, maziwa na halua, ila mkono uwe mwepesi: kwaruzo chache kwa sufuria nzima. Visiwani kungumanga kwenye uji wa wanawake ni mazoea ya zamani, hasa siku za harusi, na wapo wanaodhani ukiongeza ndipo raha inazidi. Gramu 5 tu zinaweza kumlevya mtu mzima vibaya, na hizo hupatikana kwenye kungumanga moja. Moyo unaenda mbio, mdomo unakauka, kichwa kinazunguka, mtu anatapika, wengine wanaona visivyokuwepo. Hatari zaidi ni kwamba huchelewa: saa tatu hadi sita zinapita kimya, mtu anadhani haijafanya kazi, anaongeza. Kinachofuata kinaweza kuchukua siku nzima au zaidi. Aliyefikia hapo apelekwe hospitali, na daktari aambiwe wazi ni kungumanga na kiasi gani. Anayetumia dawa za usingizi au za msongo wa mawazo ajiepushe na kiasi chochote kinachozidi cha chakula.

Kuhusu kuhifadhi: mafuta ya mvuke yakae kwenye chupa ya kioo cheusi, mbali na jiko na dirisha. Yakipungua, yahamishie kwenye chupa ndogo, kwa sababu hewa iliyo juu yake ndiyo inayoyazeesha. Yaliyozeeka hunuka kama tapentaini na huwasha ngozi hata yakizimuliwa vizuri. Hayo usipake tena, yamwage.