MGB kukosa nguvu ukikanyaga mafuta

Kaka, kabla hujanunua kabureta mpya kwa hiyo MGB ya 1965, gari lako dogo la michezo la Kiingereza, fungua kwanza vile vifuniko vidogo vilivyo juu ya kabureta zote mbili za aina ya SU. Vinafunguka kwa vidole tu. Kila kimoja kina kijiti chini yake. Kikitoka kikavu, mchawi wako ndiye huyo. Tia oili nyepesi, namba 20, mpaka ukirudisha kijiti usikie kinagoma kidogo zikiwa zimebaki milimita sita hivi kifuniko kikae. Ukizidisha, ziada inavutwa na injini na kuungua bure.

Halafu toa chujio za hewa, inua pistoni ya kabureta kwa kidole, uiachie. Ishuke yenyewe na kugonga "tak!" Ikinata, isafishe kwa petroli na kitambaa laini. Msasa usiguse, hata fundi akikuapia. Na pistoni ya kabureta hii usiihamishie ile.

Ukija kwenye betri, angalia vizuri: gari la mwaka huo lilitoka kiwandani Abingdon, Uingereza, bodi ikiwa imeungwa kwenye chanya ya betri, si hasi. Mimi nililijua hilo redio ikishafuka moshi.