Jibu: Kwa nini SR 37 haikutosha kuitwa I-69?

Ndugu, umeuliza kwa nini jimbo la Indiana, Marekani, walihangaika kuijenga upya SR 37, barabara ya jimbo kati ya Indianapolis na Bloomington, ili iwe sehemu ya barabara kuu ya kitaifa I-69, wakati tayari ilikuwa na njia nne, mbili kwenda na mbili kurudi. Tofauti haiko kwenye idadi ya njia, iko kwenye makutano. SR 37 ilikuwa na taa, barabara za shamba zilizoingia moja kwa moja, hata watu waliotoka getini mwao na kujikuta katikati ya malori. Barabara ya kiwango cha Interstate, yaani barabara kuu za kitaifa za Marekani kama I-69, hairuhusu hayo kabisa: unaingia na kutoka kwa njia za pembeni tu, na kila barabara inayokatiza hupita juu au chini.

Kwa hiyo kazi kubwa ilikuwa madaraja. Pale Martinsville, mji ulio kwenye njia hiyo, waliifunga barabara karibu mwaka mzima wa 2021, uamuzi ambao mimi nauunga mkono, maana kujenga huku magari yanapita kungewatesa watu miaka mingi zaidi. Agosti 2024 I-69 ikaungana na I-465, barabara inayouzunguka mji wa Indianapolis.

Na lile swali lako la pili, kwamba futiboli ya Kimarekani ya vyuo inahusikaje: Memorial Stadium, uwanja wa Chuo Kikuu cha Indiana mjini Bloomington, huingiza zaidi ya watu 50,000, na wengi hutoka Indianapolis asubuhi hiyo hiyo ya Jumamosi. Msimu wa 2024, timu ya chuo hicho iliposhinda mechi 11, safari hiyo haikuwa tena na taa hata moja kati ya I-465 na Bloomington. Nilifurahi mno!