Barua ya mafunzo ya mpox iliyoomba neno la siri la Gmail

SWALI

Mwalimu, jambo. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi hapa Bukavu, kwa sasa niko staji. Nilipata barua pepe yenye jina «OMS RDC», yaani Shirika la Afya Duniani hapa Kongo, ikinialika kwenye mafunzo ya siku 5 juu ya chanjo ya mpox, na perdiemu ya dola 40 kwa siku. Ndani kulikuwa na faili «Protocole_MVA-BN.pdf.html». Nilipoifungua kwa simu, ulitokea ukurasa wa Google ukiomba neno la siri. Niliandika, ukaniambia nimekosea. Nikaandika tena, ndipo ukaja ukurasa wa kawaida wa Google. Baadaye wakaniandikia nitume dola 25 za kujiandikisha kwa Airtel Money, sijatuma bado. Kinachonichanganya ni kwamba habari za mpox zilizokuwa ndani ni za kweli, nilizisikia hata redioni. Je, ni matapeli? Na sisi wanafunzi wa afya tupate wapi habari mpya bila kunaswa?

JIBU

Jambo dada. Ndiyo, ni matapeli, na neno lako la siri tayari wanalo. Dola 25 usizitume. Tena usiendelee kusoma kabla hujafanya kazi hii ya kwanza.

Chukua simu yako mwenyewe, si kompyuta ya siberi, uandike kwa vidole vyako myaccount.google.com. Usipitie linki yoyote, hata ya barua inayodai kwamba Google inakuonya. Ingia sehemu ya «Sécurité», ubadilishe neno la siri. Kisha fungua orodha ya «Vos appareils» na ukiondoe kila chombo usichokitambua. Angalia namba ya simu na anwani ya pili zinazotumika kurudisha akaunti: je, bado ni zako? Kama mwizi amezibadilisha, usikate tamaa, lakini usichelewe pia, kwa sababu Google huruhusu kutumia namba ya zamani kwa muda wa siku 7 tu tangu ilipobadilishwa.

Kuna hatua moja ambayo watu huiruka, nayo ndiyo inayowaponza. Tafuta kompyuta unayoiamini, kwa sababu mipangilio hii haionekani katika programu ya simu. Fungua Gmail, ingia kwenye mipangilio yote, uangalie kurasa mbili: «Transfert et POP/IMAP» na «Filtres et adresses bloquées». Mwizi akiingia kwenye akaunti, mara nyingi huweka amri ya kutuma nakala ya kila barua kwenye anwani yake, au huweka kichujio kinachotupa kwenye kapu barua zenye maneno kama «Google», «bourse» au «mot de passe», ili usione maonyo. Amri hizo hazifutiki kwa kubadilisha neno la siri. Mtu anabadilisha, analala akijua amepona, kumbe barua zake zinaendelea kusomwa. Ukikuta amri usiyoiweka wewe, piga picha ya skrini kwanza, halafu uifute.

Maliza kwa kuwasha «Validation en deux étapes», yaani uthibitisho wa hatua mbili. Tumia programu inayotoa namba ndani ya simu badala ya kusubiri meseji: inafanya kazi hata mtandao ukikatika, na mtu aliyejipatia laini mpya kwa namba yako hataweza kupokea chochote. Google itakupa pia namba 10 za akiba, kila moja ya tarakimu 8. Ziandike kwenye karatasi na uziweke nyumbani. Ukizihifadhi ndani ya Gmail hiyohiyo, anayeiingia anazikuta. Na kama neno lile la siri ulilitumia pia kwa Facebook au kwa jukwaa la chuo, badilisha kotekote leo.

Sasa nikueleze kwa nini ukurasa ule ulisema umekosea. Hukukosea. Ukurasa haukuwa na njia ya kujua neno lako kama ni sahihi; kazi yake ilikuwa kulipokea na kulituma kwa mwizi. Kukuandikisha mara mbili kunamhakikishia kwamba hukuteleza kidole. Baada ya mara ya pili ukurasa unakupeleka kwa Google halisi, ambako simu yako ilikuwa imeshaingia tangu zamani, nawe unaona kama mambo yamekwenda sawa. Ukimya unaofuata usikutulize: mwizi anaweza kukaa siku nyingi akisoma tu, akitafuta barua za ada, za visa, za ufadhili, na majina ya wenzako wa promosheni ili awaandikie kwa jina lako.

Kwa mtu wa afya kuna jambo zito kuliko dola 25. Angalia kama ndani ya Gmail au Google Drive yako kuna picha za vidonda vya wagonjwa, orodha za wodi, au ripoti za staji zenye majina. Kama zipo, mwambie msimamizi wako wa staji leo, kwa mdomo. Mgonjwa aliyekubali apigwe picha kwa ajili ya masomo hakukubali picha hiyo iwe mikononi mwa mwizi, na hospitali ina haki ya kujua mapema. Vilevile, kama umehifadhi humo neno la siri la maktaba ya chuo, kwa mfano la Hinari (maktaba ya mtandaoni ya majarida ya afya), mjulishe mhifadhi wa maktaba alibadilishe, kwa kuwa akaunti ile inatumiwa na chuo kizima.

Barua yenyewe ilikuwa imejifichua kabla hujafungua faili. Jina «OMS RDC» si ushahidi wa kitu: kila mtu anaweza kujiandikia jina analotaka. Gusa mshale mdogo chini ya jina ili anwani kamili itokee, kisha uisome kuanzia mwisho kurudi nyuma. OMS hutumia who.int. Anwani ya wafanyakazi wake huishia @who.int, na ukurasa wao wa Afrika ni afro.who.int: ukianzia mwisho unakutana na int, kisha who, na hapo umefika kwa mwenye nyumba. Linganisha na who.int.mafunzo-mpox.com. Jicho la haraka linaona who.int mwanzoni na kutosheka. Ukisoma kutoka mwisho, mwenye nyumba ni mafunzo-mpox.com, na yale maneno ya mbele ni pambo alilojiwekea. Kwa vyuo vya Kongo, ambavyo vingi huishia .ac.cd, rudi nyuma hadi neno la tatu. Jihadhari na herufi pia: r na n zikikaa pamoja kwenye skrini ndogo hufanana kabisa na m.

Ukiwa kwenye kompyuta, bonyeza vitone vitatu juu ya barua, uchague «Afficher l'original». Utaona mistari ya SPF, DKIM na DMARC, yaani vipimo vitatu vya kuhakikisha barua imetoka kweli kwenye anwani inayodai. Ikiandikwa FAIL kwenye barua inayodai kutoka taasisi kubwa, itupe. Lakini PASS ielewe vizuri: inasema barua kweli imetoka kwa mwenye anwani ile, haisemi kwamba mwenye anwani ni mtu mwema. Tapeli aliyenunua mafunzo-mpox.com atapata PASS tatu bila shida. Angalia pia mstari wa «Reply-To». Kama majibu yanapelekwa kwenye anwani nyingine ya Gmail au Yahoo, hilo peke yake linatosha.

Faili inayoishia .pdf.html si PDF. Ni ukurasa wa intaneti uliofungwa ndani ya barua, na simu nyingi hukata jina refu hata ukabaki unaona «.pdf» tu. Waraka wa PDF hauhitaji neno la siri la Gmail hata siku moja. Hata faili ya kweli ya Google Drive haina sababu ya kuliomba kwenye simu ambayo tayari inasoma Gmail. Kuna na alama nyingine ambayo wengi huipuuza: kama simu yako huwa inajaza neno la siri yenyewe, na safari hii imenyamaza, ni kwamba anwani ya ukurasa siyo ile inayoijua. Usiandike kwa mkono ulichonyimwa na simu. Ogopa vilevile zip iliyofungwa kwa neno la siri lililoandikwa ndani ya barua hiyohiyo, kwa sababu imefungwa ili mashine ya kuchunguza virusi isione ndani. Na faili ya .apk, yaani programu ya simu ya Android, kutoka kwa usiyemjua usiiweke kwenye simu, hata iitwe kalenda ya chanjo.

Kuhusu pesa, OMS imeandika wazi masharti yake: haitozi malipo ya kuomba kazi, ya kujiandikisha kwenye mkutano wala ya kushika chumba cha hoteli. Haitumi viambatanisho usivyoomba, na haiombi jina na neno la siri ili usome habari za usalama. Barua yako imevunja masharti hayo matatu kwa pamoja. Kama kuna mwenzako aliyekwisha kutuma, apige simu kwa kampuni ya mtandao wake mara moja akiwa na namba ya muamala, aombe pesa zizuiwe. Zikishatolewa kwa wakala, kuzirudisha ni vigumu sana.

Nije kwa lile linalokuchanganya. Habari ndani ya barua ilikuwa ya kweli kwa sababu tapeli anajua kunakili. Kazi ngumu ya kukushawishi ameachia habari yenyewe. Ndivyo ilivyokuwa wakati wa Covid: Aprili 2020 Google ilitangaza kwamba Gmail ilikuwa inazuia barua za utapeli na virusi zipatazo milioni 18 kwa siku, zote zikijifunika kwa habari za Covid. Kwa Kivu ya Kusini mpox ni chambo kizuri zaidi, maana aina ya virusi vyake iitwayo clade Ib iligunduliwa hapa hapa Kamituga. OMS ilitangaza dharura ya kimataifa tarehe 14 Agosti 2024, chanjo ikaanza kutolewa Goma tarehe 5 Oktoba mwaka huohuo. Chanjo hiyo, MVA-BN, hutolewa dozi mbili, 0.5 ml chini ya ngozi, kwa umbali wa wiki 4. Barua inaweza kuwa na hayo yote bila kosa na bado ikawa ya mwizi. Basi hukumu mara mbili: habari ina kesi yake, na barua ina kesi yake.

Kuthibitisha habari, toka nje ya barua na uende mwenyewe. Kwa mlipuko wowote kuna ukurasa wa OMS wa taarifa za milipuko ndani ya who.int, kuna Africa CDC (kituo cha Umoja wa Afrika cha kuzuia magonjwa), na kwa nchi yetu kuna Wizara ya Afya na Institut National de Santé Publique. Mafunzo ya kutoa chanjo hupangwa kwa kupitia Division Provinciale de la Santé (idara ya afya ya mkoa) na zone de santé (eneo la afya). Muuguzi mkuu wa kituo chako cha staji atakuwa na habari kabla ya Gmail yako. Muulize yeye.

Angalia tarehe kila mara. Dharura ile ya mpox OMS iliifunga tarehe 5 Septemba 2025, kwa hiyo barua inayosema «imetangazwa wiki hii» inasambaza habari iliyolala. Angalia na mahali. Mwishoni mwa 2024 zilienea habari za «ugonjwa usiojulikana wa Panzi», na huku kwetu wengi walifikiri hospitali ya Panzi ya hapa Bukavu. Ilikuwa zone de santé ya Panzi mkoani Kwango, upande wa pili wa nchi, na uchunguzi ulionyesha maambukizi ya njia ya hewa yaliyozidishwa na malaria na utapiamlo. Mwanafunzi aliyesambaza ujumbe ule kwenye WhatsApp bila kuangalia mkoa aliwatia wagonjwa hofu ya bure.

Ukikutana na utafiti, nakili kichwa chake ukitafute PubMed (hazina ya mtandaoni ya tafiti za tiba), au andika doi.org kisha namba ya DOI, yaani namba ya utambulisho wa makala inayoanza na «10.», uone inakupeleka kwa mchapishaji gani. Tazama kama ni preprint, yaani haujapitiwa na wataalamu. Tazama pia kama umeondolewa. PubMed huweka onyo juu kabisa ya ukurasa. Hata jarida kubwa huteleza: The Lancet ilichapisha makala ya dawa ya hydroxychloroquine kwa wagonjwa wa Covid tarehe 22 Mei 2020, na tarehe 4 Juni ikawa imeondolewa.

Bado mdogo kwa hili, lakini ukimaliza kazi yako ya mwisho zitakuja barua za «majarida» yanayokuita profesa na kuahidi kuchapisha kwa saa 48. Makala ikishapokelewa hutaja mamia ya dola, nawe ukitaka kuiondoa wanakataa. Mwaka 2019 mahakama ya Marekani iliamuru OMICS, mchapishaji wa aina hiyo, kulipa zaidi ya dola milioni 50. Tafuta jarida kwenye DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure mtandaoni, kabla ya kutuma chochote, na kumbuka kwamba majarida mengi ya kweli husamehe au hupunguza ada kwa waandishi wa nchi kama Kongo, ukiomba wakati wa kutuma makala.

Ile barua usiifute bado. Kwenye vitone vitatu chagua «Signaler comme hameçonnage», na upeleke nakala kwa fundi wa kompyuta wa chuo, ukiituma kama kiambatanisho ili apate na mistari iliyofichika. Halafu andika kwenye WhatsApp ya promosheni, leo hii, maneno haya tu: «Gmail yangu iliibiwa. Barua yoyote ya mafunzo, ya pesa au ya kuomba namba za tarakimu 6 iliyotoka kwangu wiki hii, msiifungue. Aliyeandika neno lake la siri anipigie.» Kama yupo atakayekupigia, akishabadilisha neno la siri mpeleke kwenye zile kurasa mbili za Gmail, «Transfert» na «Filtres».