Kabla Hujapanda Juu ya Paa la Shule

Wanafunzi wa uhandisi wanaojiunga na vikundi vya kujitolea, wawe wa vyuo vikuu vya Masinde Muliro au Egerton nchini Kenya, mara nyingi huanzia kwenye kazi moja: kuvuna maji ya mvua katika shule ya msingi. Ni kazi nzuri ya kujifunzia uongozi. Hesabu zake ni nyepesi, ila ahadi utakayowapa wazazi itapimwa na kiangazi kijacho. Kwa hiyo anza na hesabu kabla ya kuitisha mkutano wowote.

Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huleta lita moja. Pima paa kama linavyoonekana kutoka angani, yaani urefu na upana wake chini ya kingo, wala usipime urefu wa mabati kwenye mteremko. Kosa hilo huzaa maji ambayo hayapo. Paa la mita 20 kwa 8 lina mita za mraba 160. Ikinyesha milimita 40, ukitoa sehemu moja ya tano inayomwagika na kukauka, unapata lita 5,120. Mvua mbili za namna hiyo zinajaza tangi la lita 10,000. Sasa tazama upande wa matumizi: watoto 300, kila mmoja lita 2 kwa siku, ni lita 600. Tangi lililojaa halimalizi siku ya 17 ya masomo.

Hapa ndipo kiongozi anapojulikana. Ukisimama barazani useme shule imepata maji, umewadanganya watu waliokuamini. Waambie maji haya ni ya kunywa na kunawa mikono, si ya kupiga deki wala kufua, na kwamba Januari na Februari tangi litakauka ikiwa hakuna anayelipima. Kisha nyamaza, usikilize wanavyotaka kuyagawa. Uamuzi huo ni wao.

Siku ya mkutano nayo ina hesabu yake. Magharibi mwa Kenya, Ijumaa na Jumamosi ni siku za mazishi. Ukipanga kazi Jumamosi utabaki na wenzako wa chuo peke yenu. Uliza siku ya soko pia. Na usiite mkutano saa ambayo kina mama wako mtoni, kwa maana wao na wasichana ndio wanaojua maji hukosekana lini na foleni huanza saa ngapi. Mwenye kuzungumza awe yule anayeijua lugha ya pale, hata kama ni wa mwaka wa kwanza na mwenyekiti wa kikundi ni wa mwaka wa tano.

Msingi wa tangi ndio unaoharibu kazi nyingi kuliko kitu kingine chochote. Lita 10,000 ni tani 10. Katika tambarare za Kano karibu na Kisumu, kuanzia Ahero kuelekea Ziwa Viktoria, udongo mweusi hufura wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi hadi mkono uingie kwenye ufa. Sakafu iliyomwagwa juu yake huinama, paipu ya kutokea hukatika shingoni, na tangi la plastiki hutoboka penye jiwe lililochomoza. Chimba udongo mweusi uutoe. Ukiwa mnene sana, shuka angalau mita moja. Jaza maramu, yaani udongo wa changarawe, kwa matabaka ya sentimita 15, kila tabaka likinyunyiziwa maji kidogo na kushindiliwa kabla ya lingine. Juu yake mwaga zege la mita 3 kwa 3, unene sentimita 15, lenye wavu wa chuma ndani. Hiyo ni mita za ujazo 1.35. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), nunua mifuko 10 ya saruji ya kilo 50: tisa itaingia, mmoja ni wa tahadhari.

Fundi akiona zege ni gumu kusukuma ataongeza maji. Mzuie kwa heshima, kwa kuwa maji ya ziada yakikauka huacha vitundu, na vitundu ndivyo nyufa za kesho. Lita 25 kwa mfuko zinatosha. Kisha lifunike kwa magunia yaliyoloweshwa siku 7. Jua la Kisumu hukausha zege changa kwa saa chache. Andika majina ya watakaomwagia maji kila asubuhi na jioni, maana kazi ya wote haina mwenyewe. Zege hufikia nguvu iliyokusudiwa siku ya 28, kwa hiyo usilijaze tangi wiki ya kwanza ili tu upige picha.

Gata, zile zinazopokea maji ukingoni mwa paa, zishuke milimita 5 kwa kila mita, na vishikio vyake visiachane zaidi ya sentimita 60. Kazi ya juu ya paa ifanyike asubuhi: upande wa Kakamega mvua na radi huja alasiri, na ukisikia ngurumo, kila mtu ateremke. Paa la asbesto msilitoboe wala kulikata; tafuteni jengo lingine.

Maji ya kwanza yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege hayafai kuingia tangini. Kadiria nusu lita kwa kila mita ya mraba. Paa letu linadai lita 80. Paipu ya inchi 4 hubeba takribani lita 8 kwa mita, kwa hiyo kile kipande cha mita moja ambacho wengi hukifunga ili kuyanasa maji hayo ni pambo tu. Weka pipa la lita 100, lenye tundu dogo chini la kujimwaga polepole. Tundu hilo huziba kwa majani, kwa hiyo lazima awepo wa kulizibua.

Nakuru ina jambo lake. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana madini ya floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na meno ya watoto hugeuka kahawia. Kuchemsha huzidisha ukali wake, na klorini haiiondoi. Kichujio cha mkaa wa mifupa huiondoa, ila kikichoka kinaonekana vilevile. Usikiache shuleni bila mtu na ratiba ya kupima.

Digrii ya uhandisi ni miaka mitano, na anayejua kila kitu huondoka. Mwaka wa pili ashike vipimo, wa tatu afuatane na mwekahazina dukani na kuweka risiti, na mchoro ukaguliwe na mhandisi aliyesajiliwa. Kwa kamati ya shule acha spana, washa nne (vipete vya mpira) za mfereji, yaani bomba la kuchotea maji, tepu ya paipu, na ukurasa mmoja wenye mchoro kwa lugha yao. Mfereji wa shule hufunguliwa mamia ya mara kwa siku, na washa ndiyo huisha kwanza. Siku ya makabidhiano, mwanakamati aibadilishe mwenyewe huku ninyi mmeweka mikono nyuma. Rudini mvua za vuli zikianza, Oktoba, mkague vishikio, pipa na usawa wa sakafu, na muulize spana iko kwa nani.